Wadudu wa Kisima cha Kobero

Lukwele Juu,
9 Juni 2024

Kwa mpwa wangu Winfrida,

Pokea salamu nyingi kama changarawe ya mto wetu Lukwele, ambayo tangu bibi zetu hakuna aliyeimaliza kuihesabu. Mimi mzima. Goti linasema maneno yake lakini silisikilizi.

Barua hii naiandika kwa mkono wangu, si kama wazee wengine wa hapa wanaokwenda kubembeleza vijana wawaandikie. Darasa la pili la misheni ya zamani si sawa na darasa la pili la siku hizi, sisi tulichapwa mpaka herufi zikakaa. Na simu usinitajie tena. Maneno ya simu yanapita kama upepo, mimi nataka maneno yangu yakae. Shakila akishuka Bigwa na karoti zake atakuletea.

Sasa sikiliza. Tangu uondoke, watu wananiuliza binti wa Bernadeta alikuwa anatafuta nini pale kisimani na yale mabomba ya chuma aliyoyapigilia kwenye changarawe. Dhahabu? Nawaambia anapima kisima cha mjomba wake, ninyi vyenu nani atavipima. Ile sahani yangu nyeupe uliyomwagia maji ya mchanga ukaiinamia kutwa kama mtu anayechambua mchele, nimeiosha na nimeshailia ugali.

Godfrey wa matipa amekuja. Alileta soda, nikamwambia soda ni ya watoto na wagonjwa. Anataka kijiji kimpe ukanda wote wa changarawe, kuanzia daraja la magogo hadi kisimani, achimbe apeleke mjini watu wajenge. Mkutano wa kuamua ni Novemba. Nikamwambia changarawe hii ni ya lukolo, ni ya ukoo wa mama yangu, mimi naishika tu na mwenyewe yuko chuoni. Wanangu wa kuzaa hawana hata kokoto moja pale, itakuwa wewe na tipa lako? Akacheka. Akasema kile si kisima, ni shimo la kienyeji.

Shimo! Alilichimba bibi yangu, mimi nikalijengea mawe, hakuna fundi wa mjini anayeweza kupanga mawe vile. Maji ya mto yanazama juu kule kwenye changarawe, yanatembea gizani, yanatokea kwetu yamenyooka. Hata padri alikuwa anatuma madumu.

Kwa hiyo nataka karatasi ya chuo yenye muhuri. Iseme kisima cha Kobero ni cha kwanza katika mto huu. Na iseme kwa Kiswahili, sitaki Kizungu chenu ambacho kila mtu anakitafsiri anavyopenda. Ipeleke ofisi ya kijiji wabandike ukutani, Godfrey aisome.

Ni mimi mjomba wako,
Anselmi Kobero, mwenye kisima

*

Bigwa,
14 Julai 2024

Mjomba, shikamoo.

Goti lisikilize kidogo, nakuomba. Shakila kanipa barua pamoja na karoti, naye nimempa sukari akuletee.

Naandika haraka kwa sababu kesho napanda basi kwenda Kisaki, kazi nyingine ya mto, nitakuwa huko mpaka mwanzoni mwa Oktoba. Mjomba, matokeo yamenitoa machozi. Nilirudia kuyaangalia nikidhani nimekosea. Umetaka kuwa wa kwanza, na wa kwanza umekuwa. Karatasi nimeipeleka kwa mwenyekiti, ina muhuri na ni ya Kiswahili kama ulivyoagiza. Nimeandika hivi: "Kisima cha Kobero kina wadudu wengi kuliko kisima chochote kilichopimwa katika mto Lukwele."

Wanakaa chini, pale maji ya mto yanapokutana na maji ya ardhini. Ni weupe kabisa, hawana macho. Maji yetu yako kama yalivyo kwa sababu yao. Yupo mmoja ambaye hayumo katika kitabu chochote, na habari zake nitakueleza ana kwa ana maana zinaihusu nyumba yetu.

Oktoba nitakuja na afisa wa maji. Atataka kuwaona wadudu hao kwa macho yake, ndipo aseme kama ukanda ule uchimbwe au uachwe. Uamuzi wake wote utawategemea wao. Tafadhali kiangalie kisima mpaka nirudi.

Mpwa wako,
Winfrida

*

Lukwele Juu,
11 Agosti 2024

Kwa Winfrida,

Marahaba. Salamu ni zilezile za changarawe. Sukari imefika, Shakila ameipunguza njiani lakini nimenyamaza.

Karatasi yako imebandikwa. Godfrey ndiye aliyeisoma, akiwa amesimama mbele ya duka, maana ana sauti ya mnada. Aliisoma akairudia. "Si mimi," anasema, "ni mpwa wake mwenyewe, msomi, na muhuri huu hapa." Watu walisikia vizuri sana. Mwamvita alikuwa anapita na dumu lake la bluu, ametoka kisimani, akalimwaga lote palepale barabarani. Labda dumu lilikuwa linavuja.

Nilivaa kofia yangu nikapita katikati yao taratibu, na mtu wa umri wangu aliyenyooka mgongo vile hayupo tena huku.

Kisimani sasa kumetulia. Hakuna makelele ya madumu wala wanawake kugombania zamu. Mimi napenda utulivu.

Usiwe na wasiwasi. Wadudu wako nitawashughulikia mimi mwenyewe. Niliwahi kufukuza nguruwe pori na nyani, mdudu asiye na macho atanishinda? Niambie tu wanakaa kina gani, wanapenda nini, na kitu gani hawakiwezi kabisa. Afisa wako akija hatapata la kusema juu ya nyumba ya Kobero.

Ni mimi,
Anselmi Kobero, mwenye kisima

*

Kisaki,
1 Septemba 2024

Mjomba mpendwa, shikamoo.

Barua yako imenifikia kwa mkono wa mwalimu mmoja aliyetoka Morogoro, imejaa vumbi la basi. Nimeisoma mara mbili na nimewasomea wenzangu kambini ile sehemu ya nyani. Wanakupenda bila kukuona.

Nimefurahi mno kwamba utawashughulikia mwenyewe. Nilikuwa naogopa kukuomba, nikasema mjomba atanicheka. Haya, jibu lako ni hili. Wanakaa kina cha mkono kuanzia begani, katikati ya changarawe, mahali ambapo maji yanapita polepole. Wanapenda giza, baridi na maji yanayotembea. Hawaliwezi tope, linawaziba. Na dawa yoyote hawaiwezi, klorini hata ya kunusa inawamaliza.

Usimwachie mtu mwingine kazi hiyo, mjomba. Hakuna ninayemwamini kuliko wewe. Nataka afisa akifika aikute kazi ya mkono wako.

Kumetulia kisimani? Vizuri sana, hata kukanyagwa kumepungua.

Mpwa wako anayekuheshimu,
Winfrida

*

Lukwele Juu,
2 Oktoba 2024

Kwa mpwa wangu Winfrida, msomi,

Salamu nyingi kama changarawe ya Lukwele, na safari hii naijua changarawe hiyo kuliko mtu yeyote, maana nimeipindua.

Kazi imekwisha. Wangekuwepo vijana watatu wasingeimaliza hivi. Niliwaomba walinzi wa shule kopo la klorini wanayooshea tangi, ile ya unga, wakasema wewe mzee unaitakia nini, nikasema ya nguo nyeupe za kanisani. Nikaanza kule juu mto unakozama. Nikachimba kina cha mkono kuanzia begani kama ulivyosema, nikatia, nikafukia. Nikashuka chini nikachimba tena, nikatia. Yale mabomba yako nayo nikayanywesha, kila moja kipimo chake, maana nilijua ndiyo milango yao. Kisha kisima chenyewe, nikakoroga kwa mwanzi mpaka macho yangu yakatoa machozi.

Asubuhi nikaenda na ile sahani nyeupe. Winfrida, walikuwa wametoka. Wamejaa kwenye mawe kama chicha ya nazi. Nikawakinga kwenye sahani nikawatazama vizuri, na kweli hukusema uongo, hawana macho, maskini. Hawakuniona nikija. Nikawamwagia kuku, kuku wakamaliza.

Nikarudia siku iliyofuata nisije nikaambiwa nimebakiza. Hakutoka hata mmoja.

Mwamvita amerudi na dumu la bluu. Anasema maji yananukia hospitali. Nikamwambia hiyo ndiyo harufu ya usafi, ulitaka yanukie nini, pilau? Nikamwambia na Godfrey, mbele ya watu, kwamba sasa aje na muhuri wake mwingine. Akanitazama kidogo, akasema hongera mzee. Hakutegemea.

Kesho naenda Mikese, kuna msiba wa shemeji. Mkija na afisa msinikute, pimeni tu kwa uhuru. Chumbani kuna ndizi mbivu. Mwambie afisa kazi hii imefanywa na mtu mmoja.

Ni mimi mjomba wako,
Anselmi Kobero, mwenye kisima kisafi

*

Bigwa,
11 Oktoba 2024

Mjomba, shikamoo, na pole na msiba.

Sijui nianzie wapi. Tulifika tokea Kisaki moja kwa moja hadi kisimani, mimi na afisa, bila kupita kijijini, na mtoto mmoja njiani ndiye aliyetuambia uko msibani Mikese. Shakila karoti zake hazijakomaa, hajashuka, kwa hiyo kama umeniandikia barua mimi sijaipata.

Mjomba, hamna kitu. Nimevuta maji katika kila bomba. Nimechuja, nikamwaga kwenye sahani yako, nikakaa juani mpaka afisa akanishika bega. Hakuna hata mmoja anayetembea. Nilikuta maganda mawili matatu yamenasa kwenye mchanga, basi. Na harufu ya klorini ilikuwa bado ipo chini, imeganda.

Kuna mtu amewaua. Si bahati mbaya, mtu huyo alijua wanakaa kina gani, alichimba palepale. Afisa ameandika alichokiona, yaani sifuri. Amesema alikuja kulinda viumbe, na viumbe hawapo, sasa alinde nini? Changarawe ni changarawe.

Nani anafaidika? Godfrey peke yake. Kesho naenda polisi kumtaja. Wewe uliyekuwa unawashughulikia, nakujua, ungemkata mtu panga. Ndiyo maana alisubiri uende Mikese. Niandikie upesi, ulimwona nani akizunguka pale? Usijilaumu hata kidogo.

Ndizi nilizozikuta chumbani kwako sikula. Nisamehe.

Winfrida

*

Bigwa,
16 Oktoba 2024

Mjomba, shikamoo.

Shakila ameshuka. Barua yako ya tarehe mbili nimeisoma nikiwa nimesimama sokoni, katikati ya matenga ya kabichi. Mama mmoja akaniuliza kama nimefiwa.

Nimerudi polisi kufuta maneno yangu. Godfrey alikuwa amekwishaitwa, amekaa kwenye benchi. Nikamwomba radhi mbele ya askari. Akasema, "Hayo yanatokea, dada," akatuma mtu akaniletea soda. Nikainywa, mjomba. Sikuwa na la kufanya, nikainywa yote.

Sasa nikueleze, ingawa haisaidii. Sisi chuoni mdudu ni kiumbe tu, kama nyuki, kama kipepeo. Wale wa kisimani hawakuwa ugonjwa. Walikuwa wanakula uchafu uliomo katika changarawe, wanafungua njia za maji, wanayasafisha kabla hujayachota. Hawakai kwenye maji machafu, wanakufa. Ndiyo sababu walikuwa wengi kwako, kwa kuwa kisima chako ni kisafi kuliko vyote. Nilikuwa nakusifu. Niliposema machozi yamenitoka, yalikuwa ya furaha.

Umenitaka niandike kwa Kiswahili, nikaandika neno nililozoea. Nikasahau kwamba mtu wa kisimani akisikia maji yana wadudu, anasikia kipindupindu. Nikakutumia hata kina, hata jina la dawa. Nimeisoma tena nakala yangu ya barua ya Kisaki na sioni mahali ambapo ningekusimamisha. Nilikutuma, ukaenda.

Na lile jambo la nyumba yetu. Yule asiyemo katika kitabu chochote nilikuwa nimempa jina la mama. Bernadeta. Nilitaka nikuambie tukiwa tumekaa pale kwenye mawe. Amebaki mmoja tu, yumo kwenye kichupa cha spiriti mezani kwangu, amekufa tangu Mei. Kama kulikuwa na wenzake mahali pengine duniani, sijui. Naogopa kwamba hawakuwepo.

Usiniambie niandike kuwa wapo. Najua utaniambia. Siwezi.

Mkutanoni sitakuja. Nitasema nini?

Winfrida

*

Lukwele Juu,
24 Novemba 2024

Kwa Winfrida,

Salamu ni chache. Changarawe wamekwishaanza kuipakia.

Barua yako nilikaa nayo. Sikukujibu kwa sababu mkono ulikuwa hautaki, na mimi mkono wangu siulazimishi. Shakila amenisomea tena ile sehemu ya soda nisije nikawa nimekosea. Soda! Mtoto wa dada yangu.

Siombi radhi, usisubiri. Ulinipa kazi nikaifanya. Sijawahi kufanya kazi nusu na sitaanza uzeeni. Wewe una muhuri, mimi nilikuwa na klorini, waulize watu wazima wakuambie aliyeua ni nani.

Mkutano ulikuwa mfupi. Niliingia na kofia yangu. Nikasimama nikasema yote uliyoyaandika, kwamba wadudu wale walikuwa wazuri, kwamba ndio waliokuwa wanaosha maji. Nilisema vizuri, hata sasa hakuna anayenifikia kwa kusema. Watu wakacheka. Mwamvita akasema, "Babu, juzi ulisema umewaua ni wabaya, leo umewaua ni wazuri. Kesho watakuwa malaika." Mwenyekiti akaomba karatasi ya afisa, ikasomwa, ikasema sifuri. Nikasema mpwa wangu atathibitisha. Wakauliza yuko wapi. Nikatazama mlangoni, Winfrida, kama mjinga, nikijua hupo.

Ungeandika hata mmoja. Mmoja tu, nani angemhesabu? Nimesikia, umesema huwezi. Ulijifunza ukweli wako chuoni, na mimi ndiye niliyeuza miti ya lukolo ukasome. Haya.

Mikono ilipoinuliwa, wa upande wangu nilikuwa mimi na goti langu. Godfrey akaja akanishika mkono, mkono huu ninaoandikia, akasema asante mzee kwa kutusaidia usafi. Sikumpiga. Nilitafuta sababu ya kumpiga na sikuiona, maana alichosema ni kweli.

Sasa nikuambie neno moja ambalo hawakukufundisha. Hicho kitu nimekiona kwenye sahani yangu. Kina miguu ya pembeni, mgongo umepinda, cheupe. Huo si mdudu. Huo ni uduvi. Uduvi naujua tangu ujana wangu, wale kamba wadogo wa pwani, umeanikwa sokoni Morogoro, watu wanakula na wali. Ungesema, "Mjomba, kisima chako kina uduvi." Maneno hayo tu. Mji mzima ungekuja kuchungulia, Mwamvita angechota kwa adabu, na mimi ningelala pale kwenye mawe na panga. Ulikuwa na maneno yote ya duniani, ukachukua hilo moja.

Bernadeta alichota maji pale mpaka wiki aliyoanguka. Hayakumuuma tumbo hata siku moja. Jina lake wewe umelitia kwenye spiriti, mimi nimelitia kwenye kuku. Tumemzika vibaya sote wawili, na ndugu wengine wa kumzika vizuri hana.

Usije Krismasi. Njia ya daraja la magogo imekatwa na matipa. Kisima bado kipo, lakini mto unashuka umebeba tope lao, na maji yamekuwa kama chai ya maziwa. Mawe yangu hayajaondoka, nilikuambia hakuna fundi wa kupanga vile.

Asubuhi naenda na sahani. Nachota, namwaga, naacha itulie. Leo niliona kitu cheupe. Nikaiinamia ile sahani mpaka jua likapanda, nisiisukume, nikisema labda amelala, labda amezoea giza. Kilikuwa kipande cha kokoto. Nikaenda kukirudisha mahali pake, na mahali pake palikuwa pameshapakiwa kwenye tipa.

Sahani nitaiosha niiweke. Ni ya lukolo, utaikuta.

Anselmi Kobero